Kungojea Jibu: Usaili wa Wauguzi katika Uwanda wa Kati

Miongoni mwa kazi ambazo mtu huziomba kwa barua na kuulizwa kwa mdomo, uuguzi una jambo lake la pekee: mwombaji amekwisha kuifanya kazi hiyo kabla ya kuiomba. Akiwa mwanafunzi amekesha wodini, amepokea watoto wachanga, amewafumba macho waliokata roho. Hata hivyo siku ya usaili huketishwa mbele ya watu watatu au wanne wasiomjua, huulizwa kwa muda usiotosha kuivisha chungu cha maharage, kisha huambiwa kwamba atajulishwa. Tangu hapo huingia katika kazi ya pili ambayo hakuna chuo kinachoifundisha, yaani kuyapima mahojiano yake mwenyewe, na kubashiri kwa dalili alizoziona kama amepata au amekosa.

Njia ya kutoka Dodoma mjini kurudi Kongwa yafaa sana kwa ubashiri huo. Gari huelekea mashariki kwa barabara kuu iendayo Dar es Salaam, hufika Mbande, kisha hushika njia ya wilaya. Mibuyu hupita dirishani mmoja baada ya mmoja, lakini abiria aliyetoka kusailiwa haioni. Yeye yumo bado katika chumba kile. Mwenyekiti wa jopo alitabasamu aliposikia jibu la swali la pili. Je, lilikuwa tabasamu la kuridhika au la kuhurumia? Muuguzi mkuu aliyeketi pembeni hakuinua uso katika karatasi yake. Alikuwa akiandika sifa au makosa? Mwombaji aliyetangulia alikaa ndani muda mrefu, yeye akatolewa upesi. Tena aliulizwa kama yu tayari kupelekwa wilaya ya mbali, na swali hilo likamtia moyo, maana hawamwulizi hivyo, ajiambia, ila mtu wanayetaka kumchukua. Halafu akumbuka kwamba msichana aliyemfuata alitoka akisema ameulizwa neno lilo hilo, na moyo wake waanguka.

Yaweza kudhaniwa kwamba kubashiri huku ni tabia ya wanadamu wa zama zote, na kwa hiyo hakuna historia. Dhana hiyo si sahihi. Ili mtu angojee jibu kwa namna hii, sharti mambo mawili yakutane: anayeamua awe mgeni kwa anayeomba, na uamuzi utolewe wakati mwingine na mahali pengine, mbali na mahojiano yenyewe. Katika Ugogo mambo hayo hayakukutana siku zote. Ulikuwapo wakati ambapo mwamuzi alimjua mwombaji tangu akinyonya. Ukaja wakati mwingine ambapo muuguzi aliyehitimu hakuwa na jibu la kungojea hata kidogo, kwa kuwa hakuulizwa kitu. Basi thamani ya dalili zile, yaani tabasamu, ukimya, muda na swali la mwisho, haikuwa moja katika zama zote. Ilipanda na kushuka kwa kadiri ya namna ya kuamua.

Wauguzi wengi wameacha nyuma yao vyeti na picha. Wachache wameandika walivyoona siku ya kusailiwa kwao. Mmoja wa wachache hao ni Mary Seacole wa Jamaica. Alizaliwa Kingston mwaka 1805, mama yake akiwa mwanamke mweusi aliye huru, mwenye nyumba ya wageni na ujuzi wa dawa, na baba yake askari wa Scotland. Kipindupindu alikiuguza Panama, homa ya manjano akaiuguza kwao. Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa zilipopigana na Urusi upande wa Crimea, habari zikaenea za majeruhi waliokuwa wakifa bila matunzo, Seacole alikuwa London, naye akajitoa kwenda kuwauguza.

Florence Nightingale alikuwa ameondoka mwezi wa Oktoba mwaka huo na kikosi cha wanawake 38. Kazi ya kuchagua wauguzi ilifanyiwa nyumbani kwa Sidney Herbert, waziri aliyemtuma. Seacole alianzia katika ofisi ya vita, akapelekwa huku na huku, mwishowe akafika nyumba ile, akaketi ukumbini akingoja. Aliletewa ujumbe kwamba nafasi zimekwisha kujaa. Hakukata tamaa, akamwendea mmoja wa wenzake Nightingale. Bibi huyo alimpokea kwa upole na kumpa jibu lile lile. Lakini katika kitabu alichokitoa mwaka 1857 Seacole aeleza kwamba aliusoma uso wa bibi yule, akaona kwamba hata kama nafasi ingalikuwako, asingalipewa yeye. Jioni ile alijiuliza barabarani, machozi yakimtoka, kama chuki ya rangi aliyoijua kwa Wamarekani ilikuwa na mizizi hata Uingereza. Hatimaye alisafiri kwa fedha yake mwenyewe, akafungua nyumba ya chakula na dawa karibu na Balaclava, akauguza askari bila barua ya mtu.

Kisa hiki chastahili kuangaliwa kwa makini na kila angojaye jibu, kwa sababu hapo majibu yalikuwa mawili. Jibu la mdomo lilisema nafasi zimejaa. Jibu la uso lilisema neno jingine, na Seacole akaliamini la uso. Yamkini aliona sawa. Lakini hakuona sawa kwa kuwa nyuso husema kweli daima. Aliona sawa kwa sababu mbele yake alikuwa na mtu aliyechagua kwa hiari yake, asiye na kanuni iliyoandikwa, asiye na alama za kujumlisha, asiyewajibika kumweleza mtu yeyote kwa nini amemchukua huyu na kumwacha yule. Uso ni ushahidi mahali ambapo mwenye uso ndiye mwenye uamuzi. Isitoshe, Seacole hakuutegemea uso mmoja tu. Alikuwa amepita milango kadhaa na kurudishwa, na uso wa mwisho ulithibitisha mambo ambayo milango ile ilikwisha kuyasema.

Katika uwanda wa kati wa Tanganyika uuguzi wa kisasa uliingia kwa njia ya misheni na ya serikali. Misheni ya CMS ilifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na Kongwa ikapata kituo chake mwanzoni mwa karne ya 20. Dayosisi ya Tanganyika ya Kati ilipoundwa mwaka 1927, makao yake yakiwa Dodoma, Askofu George Chambers alitoka Australia, na wauguzi na waganga wa Australia wakafuata. Hospitali ya Mvumi ikajulikana mbali kwa vitabu vya Dkt. Paul White, aliyefanya kazi huko tangu mwaka 1938 mpaka 1941. Msichana au mvulana wa Kigogo aliyetaka kufunzwa uuguzi katika hospitali ya namna hiyo hakusailiwa na wageni. Alitoka katika shule ya misheni. Mwalimu wake alimjua, mchungaji aliijua nyumba yao, na bibi muuguzi aliyempokea alipata habari zake kabla hajafika. Mahojiano, kama yalikuwapo, yalikuwa ni kumalizia mambo yaliyokwisha kujulikana.

Mtu asiharakishe kuusifu utaratibu huo. Ulimwondolea mwombaji wasiwasi wa kubashiri, lakini ulimwondolea pia faraja ya kuwa mgeni. Aliyekosana na mwalimu hakuwa na mahali pengine pa kwenda kujieleza upya. Alijua mapema kwamba amekosa, na alijua kwa nini, na watu wote wa kijiji walijua pamoja naye.

Upande wa serikali palikuwa na milango miwili isiyofanana. Kwa Mwafrika, na kwa miaka mingi Mwafrika huyo alikuwa aghalabu mwanamume, mlango ulikuwa ni udresa. Tangu miaka ya 1920 serikali za wenyeji zilikuwa na madresa wao katika zahanati ndogo za vijijini, na kijana aliingia humo kwa kupendekezwa na wakubwa wa kwao na kukubaliwa na mganga wa serikali. Kwa muuguzi wa Kizungu, ambaye watu walimwita sista ijapokuwa hakuwa mtawa, mlango ulikuwa London. Huko kilikuwako chama cha kuwapeleka wauguzi katika makoloni, kilichoanzishwa mwaka 1896. Mwombaji alihojiwa katika mji wenye ukungu, akarudi kwao kungoja barua, naye hakujua kama angepelekwa Malaya au Tanganyika. Huyo ndiye aliyeonja mapema kungojea kwa namna ya leo, kwa kuwa alipimwa na wageni, na aliamuliwa asipokuwapo.

Tofauti ya milango hiyo ilionekana wazi kabisa Kongwa kwenyewe, katika mradi wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilitangaza mpango wa kulima karanga ekari 3,210,000 katika Afrika ya Mashariki, sehemu kubwa yake Tanganyika. Kongwa ilichaguliwa kuwa mahali pa kuanzia, na kikosi cha kwanza kikafika mwezi wa Februari mwaka huo. Katika nchi ya mtama na uwele, ambayo wazee wake hawajasahau njaa kuu ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, ukazuka mji wa mahema na matrekta, wenye karakana, reli yake ya kuungana na reli ya kati, na hospitali. Mradi ulikufa upesi. Mvua ilikuwa haba, udongo ulikauka ukawa kama sakafu, na mwezi wa Januari 1951 serikali ikautangaza kuwa umekwisha, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 36. Mambo hayo yameandikwa mara nyingi, na hayana haja ya kurudiwa hapa.

Linalohusu habari hii ni jinsi watu walivyoajiriwa. Mzungu wa mradi, awe fundi, karani au muuguzi, aliomba kazi Uingereza, akahojiwa huko, akangoja barua. Kibarua wa Kigogo alifika langoni asubuhi. Alitazamwa mwili, akaandikwa jina au akarudishwa, na kabla jua halijawa kali alikuwa ameshajua habari yake. Jibu lake lilikuwa la papo kwa hapo kwa sababu hakuna aliyeona kwamba anastahili kufikiriwa. Hapa pana jambo ambalo wanaolalamika juu ya kungojea huenda hawajaliwaza: kungojea jibu kulianza kama heshima. Aliyengoja barua ni yule ambaye karatasi zake zilikuwa zikisomwa na mtu. Kibarua hakuwa na karatasi. Si ajabu basi kwamba Waafrika walipoanza kuingia katika uuguzi wa vyeti, barua kutoka kwa mganga mkuu au matroni ilitunzwa sandukuni pamoja na cheti cha ubatizo.

Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961 wauguzi wengi wa Kiingereza walikuwa wakiondoka, na wodi zilikuwa hatarini kubaki bila watu. Serikali ya Tanganyika ikapata msaada kutoka upande ambao haukutazamiwa. Chama cha African National Congress cha Afrika ya Kusini kiliwateua wauguzi wanawake 20, wenye mafunzo kamili, nao wakaja kufanya kazi katika hospitali za nchi hii. Siku hizi wanakumbukwa kwa jina la Nightingale, na mtu akikumbuka kisa cha Seacole atatabasamu kidogo kwa jina hilo walilopewa wanawake weusi. Uteuzi wao haukuwa wa uuguzi peke yake. Chama kilihitaji pia watu wa kuaminiwa, maana kuondoka kwao kulikuwa kuiacha nchi yao bila kujua kama watairudia. Miaka mitatu baadaye Kongwa ile ile ya karanga ilipokea kambi za wapigania uhuru wa kusini, na wapiganaji wa chama hicho wakawa miongoni mwao.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mambo yaligeuka. Serikali ilichukua jukumu la kufikisha zahanati na vituo vya afya vijijini, na mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali za watu binafsi za kuchuma faida. Mwajiri akawa kwa kweli mmoja, misheni ikibaki pembeni yake. Muuguzi alihitimu chuo, akapangiwa kituo. Aliyekuwa akingojea alingojea jina la mahali tu: Kongwa au Kigoma, Mkoka au Masasi. Wapo waliolia walipopelekwa mbali na wachumba wao, lakini hakuna aliyelala macho akijiuliza kama alijibu vema. Uhodari wa kujieleza mbele ya jopo haukuwa na bei. Kizazi hicho, ambacho sasa kimestaafu, ndicho chenye wazazi na shangazi wanaomwambia binti arudiye kutoka usaili, "Wewe una cheti, watakuita tu." Wasema kweli ya zamani zao. Kwao cheti kilikuwa ndiyo ajira, na hawaelewi kwa nini mtoto hali chakula.

Kweli hiyo ilivunjika mwaka 1993. Katika mageuzi ya utumishi wa serikali yaliyofanywa kwa shinikizo la wakopeshaji wa nje, ajira mpya zilisimamishwa, na idara ya afya haikusalimika. Vyuo viliendelea kutoa wauguzi, zahanati ziliendelea kukosa wauguzi, na kati ya hao wawili palikuwa na mlango uliofungwa. Mpaka muongo ule unakwisha wahitimu walikuwa wamerundikana mitaani, wengine wakiuza maduka ya dawa, wengine wakilima. Mwaka 1991 hospitali za binafsi zilikuwa zimeruhusiwa tena, na baadhi yao wakapata kazi huko, kwa mahojiano na mwenye hospitali ana kwa ana. Hapo uso ulirudia nguvu yake ya zamani, kwa kuwa mwenye uso ndiye aliyekuwa na fedha.

Zama hizo za kufungwa kwa ajira zilileta somo chungu zaidi juu ya kuupima usaili. Zilionyesha kwamba mtu aweza kuwa muuguzi bora, aliyetayarishwa vema na kuhitajika sana, na asichukuliwe kwa sababu ambayo haimo ndani yake wala ndani ya chumba alichoulizwa. Sababu imo katika hesabu ya fedha iliyofanywa na watu ambao hawatamwona kamwe. Ilipofika mwaka 2007 serikali ilitangaza mpango wa kujenga zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata, na haja ya wauguzi ikaongezeka maradufu. Lakini kujenga kuta ni rahisi kuliko kupata kibali cha kuajiri. Tena mwezi wa Aprili 2017, katika ukumbi wa Chimwaga wa Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliotuhumiwa kuwa na vyeti vya kughushi. Watumishi waliondolewa, wa afya wakiwamo, nafasi zikawa wazi. Wauguzi waliokuwa nyumbani na vyeti vyao halali walisikia habari hiyo redioni. Bahati yao ilibadilika siku ile bila wao kufungua kinywa.

Wakati huo utaratibu mpya ulikuwa umekwisha kujengwa. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2007, iliweka Sekretarieti ya Ajira, ambayo kazi yake ni kutangaza nafasi, kusaili na kuwapanga watumishi kwa niaba ya waajiri wa serikali. Kwa kitambo wauguzi waliendelea kupangiwa kwa maombi na vyeti, lakini katika miaka ya karibuni nao wameingizwa katika usaili: kwanza mtihani wa kuandika, kisha mahojiano kwa waliofaulu. Kwa hiyo kizazi cha leo cha Kongwa kinasailiwa na wageni, na uamuzi wake hutoka mbali na chumba. Mambo mawili yaliyotajwa mwanzo yamekutana kikamilifu, na ubashiri umekuwa desturi ya nchi.

Sasa yawezekana kupima dalili za yule abiria wa Mbande. Katika usaili wa alama, waombaji wa nafasi moja huulizwa maswali yale yale, na kila msaili huandika alama zake kwa kila jibu. Msaili mzuri hujizuia kutikisa kichwa, maana akimtia moyo mmoja na kumnyamazia mwingine atakuwa amewapa mitihani miwili. Basi uso mkavu ni dalili ya utaratibu, wala hauonyeshi chuki. Kutokuinua macho ni kuandika. Swali la kuwa tayari kwenda wilaya ya mbali huulizwa watu wote, kama abiria alivyogundua mwenyewe. Muda mfupi huenda ukawa ni wa mtu aliyejibu kwa ufupi na kwa usahihi. Ushahidi wa Seacole, uliokuwa na nguvu mbele ya bibi aliyechagua kwa hiari yake, hauna nguvu hiyo mbele ya karatasi ya alama.

Karatasi yenyewe ina sababu yake. Mwaka 1922 mwanasaikolojia wa Marekani, Harry Hollingworth, alieleza jaribio ambalo mameneja 12 waliwahoji waombaji 57 wa kazi ya uuzaji, kila mmoja kwa namna yake, kisha wakawapanga kwa ubora. Walipishana kiasi cha kushangaza; aliyeonekana hodari kwa mmoja alionekana hafai kwa mwingine. Uchunguzi mwingi uliofuata umeonyesha kwamba mahojiano yenye maswali yaliyopangwa hubashiri utendaji wa kazi vizuri kuliko mazungumzo huria. Kama wataalamu hao wenyewe, wenye kuuliza, walishindwa kuafikiana, mwenye kuulizwa atajuaje kwa kumbukumbu ya tabasamu?

Liko hata hivyo jambo ambalo muuguzi aweza kulipima kwa haki, nalo ni jibu lake. Tuseme aliulizwa hivi: mama amejifungua zahanatini usiku, mtoto yu salama, kondo la nyuma limetoka, lakini damu haikomi, utafanya nini? Swali hili halihitaji kubashiri. Ama alisema ataita msaada, atakanda mfuko wa uzazi ujikaze, atatoa sindano ya oksitosini, atahakikisha kibofu ni kitupu, ataweka dripu, atakagua kondo kama limetoka lote na njia kama imechanika, atapima mapigo na shinikizo la damu na kuandaa rufaa mapema, ama hakusema. Kitabu chake kiko nyumbani. Akifika akifungue, alinganishe. Akiona kwamba alisahau kibofu, hiyo ni habari ya kweli ambayo hakuna uso uliomwambia, na itamfaa siku atakapokuwa peke yake Hogoro au Pandambili, gari la wagonjwa likiwa mbali na mama akizidi kupoteza rangi. Kwa mama huyo hakuna jopo lenye umuhimu kuliko hilo.

Wengi hawafanyi hivyo. Huogopa kukuta kosa, na hupenda kuendelea na tabasamu la mwenyekiti, ambalo halina kitabu cha kulikanusha. Au hufanya, wakakuta walijibu vizuri, wakaanza kuhesabu mshahara. Kosa la pili ni kubwa kama la kwanza. Kujibu vizuri ni jambo moja na kuchaguliwa ni jambo jingine, kwa kuwa la pili linategemea majibu ya watu ambao mwombaji hakuwasikia, na idadi ya nafasi ambayo yeye hakuipanga. Mtu aweza kupata alama nzuri akawa wa kumi na moja katika nafasi kumi.

Kwa habari ya huyo wa kumi na moja, utaratibu wa sasa una kifungu ambacho zama zilizopita hazikuwa nacho. Waliofaulu mahojiano na kukosa nafasi majina yao huhifadhiwa katika kanzidata ya Sekretarieti, na nafasi nyingine za kada hiyo zikipatikana huweza kuchukuliwa humo bila usaili mpya. Matangazo ya kuitwa kazini huorodhesha majina ya waliosailiwa juzi pamoja na ya wengine waliotolewa katika kanzidata, na huwaambia ambao majina yao hayamo kwamba hawakufanikiwa, wasisite kuomba tena. Hawaambiwi kama walishindwa kabisa au walizidiwa kidogo, na kwa hiyo wanaosoma tangazo hilo na kukosa majina yao ni watu wa hali mbili tofauti, nao hawawezi kujitambua. Katika kungojea huko wengine hujitolea katika vituo vya afya vya wilaya kwa posho ndogo au bila posho, wakizalisha na kuchanja kama walioajiriwa. Wengine husaidia nyumbani msimu wa mavuno, mahindi yapelekwapo soko la Kibaigwa. Na mara kwa mara hutokea kwamba jirani mwenye simu apitia tangazo jipya kwa ajili ya nduguye, akakuta humo jina la binti aliyesailiwa miezi mingi iliyopita, ambaye alikwisha kuacha kuulizia, akatumwa mtoto shambani kumwita aje asome mwenyewe.